KITAMBI SI CHEO



Yako maneno mawili tumechoka nayo. La kwanza ni la mabwana wa ofisini, wasemao kwamba mfanya kazi akipata presha au ugonjwa wa sukari, kosa ni la tumbo lake. La pili ni letu wenyewe: mtu akiota kitambi twamwita mkubwa, na akipungua, mkewe huulizwa kama hampikii.

Mafuta yaliyojaa tumboni huzuia insulini kufanya kazi yake vema. Kongosho hulazimika kutoa zaidi na zaidi, hata huchoka, na sukari hubaki katika damu. Mafigo nayo hushika chumvi na maji, mishipa hukaza, presha hupanda. Mambo haya matatu hufuatana kama mabehewa yaliyofungwa pamoja. Wazee wetu wa injini za mvuke walijua kwamba boila haitoi habari kwa maneno. Ndiyo sababu iliwekwa geji. Mtu mwenye presha ya 140 kwa 90 aweza kufanya kazi miaka mingi bila maumivu yo yote, kisha siku moja apooze upande mzima.

Basi geji yetu iko wapi? Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wa Kenya hawajapimwa presha hata mara moja. Sababu moja twaijua: dereva wa gari la moshi aogopa kwamba akipimwa atateremshwa katika injini na kupewa ufagio. Hiyo si hofu ya kijinga.

Na kitambi chenyewe kimelishwa na nani? Mtu wa zamu ya usiku hukaa kitini saa nyingi, hulala mchana kwa vipande, na kantini humwuzia mandazi na chai ya sukari tele, maana hakuna kingine.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alinde afya ya mtu awapo kazini. Twataka tupimwe presha na sukari kila mwaka, katika saa za kazi, na matokeo yawe siri. Hatusemi mgonjwa aendeshe abiria; twasema atibiwe, mshahara wake usiguswe, arudi daktari akiridhika. Na maharagwe na sukuma ziwepo kantini usiku.

Nasi tutembee. Huko Marekani, uchunguzi wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu waliokaribia kushikwa na sukari, wakajitahidi kupunguza kilo 7 katika kila 100 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari kwa asilimia 58.

Mwanachama atakayeshushwa kazi baada ya kupimwa, alete barua yake kwa katibu wa tawi siku ile ile.