Kiwanja cha Gofu Katikati ya Chai

Nikisema nimesafiri kutoka Mombasa hadi Kericho nikarudi na habari za gofu, najua barazani nitachekwa. Sisi watu wa pwani tumeshakata shauri zamani kwamba gofu ni mchezo wa wazungu na wakubwa. Tunawaona pale kiwanja cha Mombasa, kilichoko tangu 1911 juu ya bahari karibu na kivuko cha Likoni. Sisi tumekaa Mama Ngina na mihogo yetu ya pilipili na ndimu, wao wako upande wao na fimbo zao, na hakuna anayemwuliza mwenziwe habari.

Basi shemeji yangu, mwenye duka mjini Kericho, ndiye aliyenichukua asubuhi moja kwenda kutazama. Kiwanja chenyewe kina mashimo 9 tu, na atakaye 18 hukizunguka mara mbili. Lakini wallahi sijaona kijani kama kile. Nyasi zimelala kama zulia jipya la msikiti, na huko mbele chai imekatwa sawasawa juu kama meza, inapanda kilima na kushuka kingine, kuelekea Bomet, mpaka jicho linachoka. Kijana mmoja mchukuzi wa mikoba alinieleza kwamba mpira huruka mbali huko kuliko kwetu, kwa kuwa mji uko karibu mita 2,000 juu ya bahari na hewa ni nyepesi. Ila ukishatua hauviringiki sana, maana mvua hunyesha karibu kila alasiri na ardhi haikauki.

Wanaoandika juu ya viwanja bora vya dunia hutaja St Andrews ya Scotland, Augusta na Pebble Beach za Marekani. Kericho hawaitaji. Kwa uzuri mimi ningeitia, tena bila kusita. Lakini uzuri si hesabu yote. Augusta nayo ni nzuri, na klabu yake haikumpokea mwanachama mweusi hadi 1990, wala mwanamke hadi 2012.

St Andrews ndiyo iliyonifanya nifikiri. Kumbe gofu ni mchezo wa watu wa pwani! Ulikulia kwenye mchanga wa kando ya bahari, ardhi isiyofaa kulimwa, yenye upepo na vichaka. Tangu 1552 wenyeji wa mji ule wana haki yao ya kuitumia ardhi ile kwa maandishi, na hata leo Jumapili gofu husimamishwa, isipokuwa wakati wa mashindano makubwa, na yeyote atakaye hutembea pale na watoto wake na mbwa wake.

Huku kwetu mchezo ule wa ardhi mbovu ulipandishwa bara ukapewa udongo ulio bora kabisa. Kampuni za chai ziliingia Kericho miaka ya 1920, na Wakipsigis wengi wakasogezwa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, wazee na watoto, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mbali na kwao. Mzee mmoja niliyekaa naye kando ya barabara hakusema mengi. Alinionyesha kwa kidevu kilima cha chai, akasema, "Babu alichunga ng'ombe kule." Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa maneno kama hayo.

Sisemi kiwanja kilimwe mahindi. Sina ugomvi na wachezaji, na wachukuzi wa mikoba wanapata riziki yao pale. Nasema hivi: kile ni kiwanja cha klabu, chenye wanachama na ada. Siku moja katika wiki, waichague wenyewe, lango liachwe wazi kama St Andrews, na yule mzee aingie na wajukuu zake akatembee juu ya nyasi zile bila kuulizwa kadi. Na la Kericho likikubalika, tutazungumza la Mombasa.

Atakayekwenda aende asubuhi, kabla mvua haijaja, na achukue sweta. Mimi nilikwenda na kanzu nyepesi, nikatetemeka mpaka adhuhuri.