Mutihani wa farasi: wale wenye kutoa mavi nao wapewe diploma

Familia za Wakongomani zenye watoto wanaojifunza kupanda farasi kule Ufaransa zinajua Galop 1, hata kama huku Goma, Bukavu ao Bunia jina hilo halisemi kitu kwa watu wengi. Ni mutihani wa kwanza kati ya mitihani saba yenye kuwekwa na shirikisho la Ufaransa la muchezo wa farasi, FFE. Waingereza nao wana mitihani yao: Pony Club, yenye kuanza mwaka 1929, inapima watoto kwa viwango mbalimbali mupaka A, na British Horse Society inaanza na Stage 1 kwa wale wenye kutaka kufanya farasi kuwa kazi yao. Majina yanaachana, lakini katika mitihani hii yote mutu anayekuja kupanda farasi anapimwa pia namna anavyomutunza, na kupanda peke yake hakutoshi kumupitisha.

Ninaandika juu ya jambo hilo kwa sababu ninaona kwetu Congo tumeligeuza. Lakini tuanzie kwenye mutihani wenyewe, maana wengi wanaujitayarisha vibaya.

Muzazi anaona mutoto wake amevaa kofia ngumu, anafikiri kazi yote ni kukaa juu ya mugongo wa farasi bila kuanguka. Analipa masaa ya kupanda, basi. Kila siku ya tatu ao kila siku ya posho mutoto anafika wakati farasi wamekwisha kutayarishwa, anapanda, anashuka, anarudi nyumbani. Siku ya mutihani mwalimu anamuambia tu: nenda ulete farasi wako. Hapo ndipo taabu inaanzia.

Kumuendea farasi ni somo lenyewe. Macho yake yako pembeni ya kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma kabisa ya mukia na mahali padogo mbele ya paji la uso. Mutu anayetokea nyuma bila kusema anaweza kupigwa teke, na farasi hana kosa: ni nyama mwenye kuishi kwa kukimbia wenye kumuwinda. Kwa hiyo mutihani unataka uanze kusema naye ukiwa mbali, umukaribie upande wa bega, mara nyingi bega la kushoto, uangalie masikio. Masikio yakilala nyuma, maana yake hafurahi. Kisha unamuvalisha kamba ya kichwa, unamuongoza ukiwa pembeni ya bega lake. Na usizungushe kamba kwenye mukono wako hata mara moja. Farasi wa kilo 500 akishituka, vidole vyako vitaenda pamoja naye.

Halafu kuna fundo la kumufungia. Linachekesha watu wakubwa, lakini mwalimu yeyote ataliomba: fundo lenye kushika nguvu farasi akivuta, lakini lenye kufunguka mara moja wewe ukivuta ncha ya kamba. Sababu yake ni kwamba farasi mwenye kuogopa anavuta kinyumanyuma, na ukikosa kumufungua haraka anaweza kujivunja shingo ao kukuangukia. Fundo hilo mutu analijifunza kwa kulirudilia nyumbani kwenye muguu wa meza mara makumi, mupaka mikono ilifanye bila macho. Ndiyo sehemu rahisi zaidi ya mutihani kwa mutu asiye na pesa: inaomba kamba na meza tu.

Kwato ni mahali pengine penye watoto wanaanguka. Unapitisha mukono chini ya muguu polepole kuanzia bega, unaomba farasi aunyanyue, unasafisha kwa kile chuma chenye ncha kutoka kisigino kuelekea mbele, bila kuchoma ile nyama laini yenye umbo la pembe tatu katikati. Na unanusa. Ndiyo, unanusa. Harufu ya kuoza inaonyesha kwamba farasi analala mahali penye maji maji, na kwamba mutu fulani hakutoa mavi vizuri. Kutoka kwato unarudi kwenye zizi: majani makavu ya kulalia yageuzwe kila siku, yenye kulowa yatolewe, maana ile harufu kali ya mikojo inaumiza mapafu ya farasi. Uma mukubwa na buruweti ni vyombo vya mutihani sawa na tandiko.

Chakula nacho kina sheria zake. Tumbo la farasi ni dogo ukilinganisha na mwili wake, na hawezi kutapika. Kitu kibaya kikiingia, hakirudi kwa njia ya mudomo, na maumivu ya tumbo yanaweza kumuua kwa siku moja. Ndiyo maana wanafundisha kumulisha kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, majani kwanza. Farasi wa kilo 500 anahitaji karibu kilo 10 za majani makavu kwa siku na maji kati ya litre 20 na 50, zaidi kama kuna joto ao kazi. Usibadilishe chakula kwa gafula, usimupe nafaka nyingi kisha umupeleke kazini papo hapo. Ukiwa na thermometre, ujue pia kwamba joto lake la kawaida ni karibu digri 38.

Kuweka tandiko: unalishusha mbele kidogo kisha unalirudisha nyuma, ili manyoya yalale upande wake na yasikunjane. Mukanda wa tumbo unaukaza polepole, na unaukaza tena mbele ya kupanda kwa sababu farasi wengi wanajaza tumbo hewa wanapousikia. Juu ya kupanda kwenyewe sitasema mengi. Wanaomba upande na kushuka vizuri, usimamishe farasi, umugeuze, umutembeze na umukimbize mwendo mudogo, visigino chini, macho mbele, bila kushikilia kamba za mudomo kama vile unashikilia mulango wa bus. Mutoto mwenye masaa machache ya mazoezi anafika hapo. Yale mengine yanaomba miezi, na hayauzwi kwa saa.

Kwa hiyo shauri langu kwa mwenye kujitayarisha ni hili: fika saa moja mbele ya wengine, na usiende kwanza kwa mwalimu. Nenda kwa mutu mwenye kutunza farasi. Umuombe uma, utoe mavi pamoja naye, uulize kwa nini farasi huyu hafungwi karibu na yule, kwa nini mwingine analowanishiwa majani kwanza. Utajifunza kwake vitu vyenye kitabu kinaandika kwa mustari mumoja tu.

Hapa ndipo tunarudi Congo.

Farasi hawajawa wengi kwetu. Nzi wa tsetse na ugonjwa wa nagana viliwamaliza kila mahali walipopelekwa katika pori zenye joto. Tatizo hilo la kukosa nyama wa kazi ni moja ya sababu zenye zilifanya Wabelgiji wajaribu kufundisha tembo, kwanza Api, kisha Gangala-na-Bodio karibu na Garamba, katika Haut-Uélé ya leo. Tembo wa Afrika, wenye watu wengi walisema hawafundishiki, walivuta magari na kulima mashamba. Vitabu vinalitunza jina la ofisa Laplume. Wakongomani wenye kulala karibu na tembo hao, kuwaogesha muto na kuwapanda kila siku, majina yao ni nani anayajua?

Leo farasi wako Lubumbashi na Kinshasa, katika klabu zenye zilianza wakati wa ukoloni na zenye kuwa na wanamemba wenye uwezo. Na katika klabu nyingi za namna hiyo, si Congo tu bali katika miji mingi ya Afrika, kazi imegawanywa hivi: mufanyakazi anaamuka asubuhi sana, anatoa mavi, analisha, anasafisha kwato, anaweka tandiko, anamuleta farasi mupaka kwenye ngazi. Mwanamemba anapanda. Akimaliza, anamurudishia kamba. Mutu mumoja amefanya karibu mutihani wote wa Galop 1 kila siku kwa miaka kumi. Mwingine amefanya sehemu yenye inabaki. Na kama kuna siku diploma italetwa, tunajua sote ni nani ataandikwa juu yake.

Mimi ninaona hiyo si haki, na ninaona pia ni hatari kwa farasi. Mupandaji asiyejua kuangalia kwato atapanda farasi mwenye kilema bila kujua. Kwa upande wake, mutunzaji mwenye kuona kilema lakini asiye na karatasi yoyote hatathubutu kumuambia bosi: leo huyu hatoki. Wazungu walipounganisha kupanda na kutunza katika mutihani mumoja hawakufanya hivyo kwa unyenyekevu. Walijua kwamba mwenye kupanda ndiye mwenye kuamua, na mwenye kuamua lazima ajue.

Kuna wenye watasema: inchi iko katika vita, watu wako katika kambi, na wewe unatuletea farasi. Ninawaelewa. Lakini muangalie ngombe wa Masisi. Vijana wenye kuwatunza wanajua ngombe mugonjwa kwa kuona namna anavyosimama, wanajua majani gani yanavimbisha tumbo, wanajua kuzalisha usiku bila taa. Vita vikiwakimbiza mupaka muji mwingine, wanafika mikono mitupu kabisa: hakuna karatasi yenye kusema wanajua kitu. Wanaandikwa kuwa watu wasio na kazi. Farasi ni wachache kwetu, lakini shida ya mutunza farasi ni ile ile.

Wengine watasema watunzaji wengi hawakusoma, hawataweza mutihani. Ni mutihani gani? Ule wenye nimeeleza hapa juu unafanywa kwa mikono, karibu wote, na maswali yake yanaweza kujibiwa kwa mudomo, kwa Kiswahili ao Kilingala. Mutu aonyeshe bega, goti, kisigino cha kwato, ataje rangi, afunge fundo, aseme farasi huyu anakula nini na kwa nini. Haiombi kalamu. Ufaransa yenyewe, tangu mwaka 2002, ina sheria yenye kuruhusu mutu apate diploma kwa kuonyesha yale amejifunza kazini, bila kurudi kwenye benchi la shule.

Sisi tuna INPP, yenye kufundisha kazi za ufundi tangu 1964. Haihitaji kujenga zizi. Klabu zina mazizi, zina farasi, na zina wanafunzi wenye kujua zaidi ya walimu wengi. Kinachokosekana ni mutu wa INPP na munganga wa wanyama wakae siku mbili kwenye klabu, waandike orodha ya mambo ya kuonyesha, wapime wafanyakazi kwanza, wanamemba na watoto wao kisha. Gharama iwe juu ya klabu, kwa sababu ndiyo inapata faida: farasi mumoja akikufa kwa tumbo, hasara yake inapita bei ya karatasi hizo zote. Na mwenye kuketi kumuuliza mutunza farasi maswali asiwe bosi wake peke yake, maana bosi huyo, mara nyingi, hajui kulifunga lile fundo.