Nyumba Isiyo na Ardhi

Katika mji wa Mombasa, katika mitaa kama vile Majengo, ipo milki ambayo wageni huchelewa kuifahamu: mtu huwa na nyumba iliyo yake kwa haki, aliyoijenga kwa jasho lake na atakayowarithisha wanawe, ilhali ardhi iliyo chini ya nyumba hiyo ni ya mtu mwingine, ambaye hulipwa kodi ya kiwanja. Mambo huenda kwa amani maadamu mwenye ardhi yu radhi. Lakini siku atakapouza kiwanja, au warithi wake watakapopata shauri jingine, mwenye nyumba hana budi kuvunja kuta zake na kuondoka na boriti na mabati. Nimeanza na jambo hili kwa sababu ndilo linalotukabili leo sisi tunaoandika, tunaochonga, tunaoshona na tunaofundisha, ambao huweka kazi zetu zote katika mitandao ya kijamii tukidhani kwamba tumejenga.

Dhana ninayoipinga, ambayo aghalabu husemwa na watu wenye busara, ni hii: kwamba tovuti ni kazi ya mafundi wa kompyuta, na kwamba mtu wa kawaida ukurasa wa Facebook au wa Instagram wamtosha. Dhana hii ina vipande viwili, na vyote viwili ni batili.

Tukitazame cha kwanza. Mtandao wa tovuti ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya CERN karibu na mji wa Geneva, ili wataalamu wa fizikia wapate kusomeana maandishi bila ya kujali kila mmoja ana kompyuta ya namna gani. Alitoa pendekezo lake Machi 1989, na mwaka 1991 tovuti ya kwanza ilikuwa imekwisha kuwekwa hadharani. Lebo za HTML, lugha inayotumika kuandikia kurasa, alizozieleza mwaka huo hazikufika 20: ya kichwa cha habari, ya aya, ya orodha, ya kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye ukurasa mwingine, na chache nyinginezo. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba programu za mtandao huo ni mali ya umma, atumiaye asidaiwe ada wala asiombe idhini. Chombo kilichobuniwa ili mwenye maneno ajiandikie mwenyewe, kisha kikatolewa bure kwa walimwengu wote, ni dhuluma kukifanya siri ya wachache.

Mimi si fundi. Nilijifunza lebo hizo jioni tatu, kwa programu ya Notepad ambayo huja pamoja na kompyuta za Windows na haina pambo lolote. Jioni ya kwanza nilisahau kuifunga lebo ya kichwa, na ukurasa mzima ukatokea kwa herufi nene; nikaandika lebo ya kufungia, yenye mkwaju wake, mambo yakatengemaa. Ni elimu gani nyingine ambamo kosa la mwanafunzi hurekebishwa kwa bei ndogo kama hiyo? Faili ukishalihifadhi kwa jina la index.html, hulifungua kwa kivinjari ukautazama ukurasa wako hata kabla hujalipa senti moja. Lugha yetu nayo haibebi alama juu ya herufi zake, basi kibodi yoyote yatosha; na ndani ya lebo ya kwanza ukiandika lang="sw", umeviarifu vivinjari, na programu zinazowasomea vipofu kwa sauti, kwamba maneno haya ni ya Kiswahili.

Fauka ya hayo, unyonge wa ukurasa wa mwanagenzi una fadhila yake. Makala ya maneno 750, yakiandikwa kwa maandishi matupu, huwa na uzito wa kilobaiti 5 hivi, ilhali picha moja ya simu isiyopunguzwa yaweza kufika megabaiti 3, yaani mara 600 ya uzito huo. Msomaji anayehesabu bando lake atamshukuru mwanagenzi kuliko fundi aliyerundika madoido.

Na atishikaye akamwachia fundi kila kitu hupatwa na msiba mwingine. Namjua mshonaji ambaye fundi wake aliliandikisha jina la tovuti kwa jina lake mwenyewe fundi. Walipokosana, mshonaji alitambua kwamba hata anwani iliyochapwa kwenye risiti zake haikuwa yake.

Sasa kipande cha pili, kwamba ukurasa katika mtandao wa wenyewe watosha. Katika miaka ya 1990 wanagenzi wengi walijenga kurasa zao bure katika GeoCities, huduma iliyowagawia watu nafasi mtandaoni. Yahoo ikainunua mwaka 1999, na Oktoba 2009 ikaifunga huko Marekani. Waliokuwa na nakala za faili zao walihamia kwingine, na wasiokuwa nazo walibaki na majuto, isipokuwa wale ambao kurasa zao ziliokolewa na watu wenye huruma na kumbukumbu. Mwaka 2019 MySpace, mtandao wa kijamii, nayo ilikiri kwamba picha, video na sauti zilizowekwa zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda zisipatikane tena, kwa sababu ya hitilafu ya kuhamisha seva. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri.

Nitajibiwa kwamba hata jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na seva hukodiwa, basi nayo si kodi ya kiwanja? Insafu yanidai nikubali kwamba ni kodi. Walakini faili zako ni zako, nakala yake i katika flashi nyumbani mwako. Mwenye seva akikufukuza, huzichukua ukaziweka kwa mwingine, ukalielekeza huko jina lako linaloishia kwa .co.tz au .co.ke, na msomaji akija kwa anwani ileile hukuta mlango uleule. Mwenye nyumba wa Majengo angetoa nini apate kuhama namna hiyo?

Nitajibiwa pia kwamba watu wako mitandaoni. Ni kweli, na mwenye bidhaa hana budi kwenda sokoni kunadi; lakini soko ni mahali pa kunadi, si mahali pa kulaza watoto. Nadi huko, kisha mwelekeze mteja nyumbani: ukurasa mmoja unaosema u nani, wafanya kazi gani na wapatikana wapi.

Ile tovuti ya kwanza ya CERN ilirudishwa kwenye anwani yake ya asili mwaka 2013. Haina picha wala rangi za kupendeza, ni maneno na viungo tu, na kivinjari cha leo huifungua bila ya taabu, ilhali kurasa nyingi zilizopambwa kwa nyota na taa katika kiwanja cha wenyewe zimefutika. Anayengoja awe fundi ndipo ajenge, basi ajue kwamba angojapo si pake, na mwenye ardhi hajamwahidi kitu.