Beseni Nalo ni Maabara

Wapo walimu washikiliao kwamba kemia haifundishiki pasipo vyombo vya thamani. Rai hiyo ni dhaifu. Mwaka 1891 jarida la Nature la Uingereza lilichapisha barua ya Agnes Pockels, mwanamke Mjerumani asiyepata kusoma chuo kikuu, aliyechunguza tando za mafuta juu ya maji kwa chombo cha bati alichokiunda nyumbani. Alibana utando kwa kusogeza ukanda wa bati juu ya maji.

Mbinu hiyo haijachakaa. Mwaka 2010 wanasayansi wa Japani walitandaza molekuli za porfirini zenye kobalti juu ya maji yaliyotiwa chumvi ya shaba. Hazikuzama. Ayoni za shaba ziliziunganisha kwenye pembe zake nne, ukajifuma utando wa fuwele wenye unene wa molekuli moja, mithili ya mkeka usio na msusi; nao ukabanwa kwa kizuizi kama cha Pockels.

Darasani, tone la mafuta lenye ujazo unaojulikana likitandaa majini, ujazo hugawanywa kwa eneo, ukapatikana unene wa utando, yaani kimo cha molekuli. Rula yatosha. Sharti tu mafuta yazimuliwe kwanza kwa spiriti, la sivyo beseni litakuwa dogo mno.