Lugalo Inahitaji Mchango Wetu

Wananchi wenzangu, jina la Lugalo mnalijua. Kwa wakazi wa Dar es Salaam ni kambi ya jeshi na hospitali. Lakini Lugalo yenyewe iko Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, na mabasi yetu huipita mbio.

Hapo ndipo, tarehe 17 Agosti 1891, wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walipojificha kuuvizia msafara wa Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani nchini. Msafara ule ulikuwa umechoma vijiji njiani. Ulikuwa na mizinga na bombomu, ila nafasi ya kuvitumia haikupatikana. Wahehe waliibuka na mikuki, na kwa dakika chache kazi ikaisha. Zelewski mwenyewe aliuawa palepale. Miaka mitatu ikapita kabla Wajerumani hawajaweza kuivunja ngome ya Mkwawa ya Kalenga.

Mnara wa kale uliopo Lugalo ulijengwa na Wajerumani kuwakumbuka watu wao. Sina ugomvi nao, kila mtu huomboleza wafu wake. Kinachoniuma ni kwamba sisi, wenye nchi, hatujatoa kwa ajili ya Wahehe waliofia pale hata sehemu ndogo ya kile tunachochangia harusi moja ya mjini. Wala tusiwasahau wapagazi Waafrika wa msafara ule walioanguka wakibeba mizigo ya vita isiyokuwa yao.

Tusidhani sheria imeshalimaliza jambo hili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo na ngome za kabla ya 1863. Vita vyetu vikubwa dhidi ya ukoloni, kuanzia Lugalo hadi Majimaji, vyote vilikuja baada ya mwaka huo, kwa hiyo maeneo yake husubiri kutangazwa moja moja. Eneo lisilopimwa ni rahisi kugeuka shamba, machimbo ya mchanga au viwanja vya nyumba. Kaburi lililokwisha kufukuliwa kwa koleo halirudishwi na tangazo lolote.

Wenzetu wa Songea wameonyesha njia. Kila Februari wanakusanyika kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906, na makumbusho yapo hapohapo mjini kwao. Watoto wao wanakua wakijua nani alilala wapi.

Kwa hiyo naomba tuchange. Pesa ya kwanza iende kwenye upimaji na mawe ya mipaka, kwa makubaliano na wanakijiji wanaolima jirani, maana hakuna atakayelinda eneo ambalo limemdhulumu shamba lake. Ya pili iwalipe vijana watakaorekodi masimulizi ya wazee. Hili haliwezi kungoja bajeti ya mwaka ujao. Kisha tusimamishe jiwe la Wahehe na wapagazi, na tumlipe mlinzi kutoka kijiji hichohicho.

Waheshimiwa madiwani, tengeni fungu, hata likiwa dogo, na hesabu zake zibandikwe ofisi ya kijiji kila mtu azisome. Wenye mabasi mnaopita pale kila siku, changieni. Walimu, waleteni wanafunzi. Nanyi wana Iringa mlioko mbali, vyama vyenu vya kufa na kuzikana vina wahazini waaminifu na daftari zilizo tayari: liwekeni jambo hili kwenye ajenda ya kikao kijacho, ili tarehe 17 Agosti tukutane Lugalo tukiwa na mpimaji ardhi.