Rangi ya Mtandio Imo Ndani ya Dera



Juma hili tumepokea barua kutoka Kware, Nairobi, iliyoandikwa na mama mwenye mabinti wawili. Asili yake ni pwani, na riziki ndiyo iliyompeleka bara. Anasema Idi i karibu na nguo za kuvaa wanazo, alhamdulillahi: yeye ana madera mawili, na kila binti ana gauni lake. Nguo zote nne ni za maua au madoa. Kinachomkosesha usingizi ni mitandio. Muuzaji mmoja amemwambia kwamba kila nguo ya maua yataka mtandio wake, viatu vyake na mkoba wake. Binti mkubwa, wa miaka 14, ameapa kuwa hataiendea swala ya Idi akiwa na mtandio usioingiana na gauni, wenzake wasije wakamcheka. Mama anatuuliza: je, akope katika chama chake, hali akijua kuwa deni hilo litalipwa kwa pesa za karo ya muhula ujao?

Jibu letu ni kwamba asikope. Lakini kumwambia mtu asikope bila ya kumwonyesha njia ni kumwacha palepale alipo. Njia yenyewe ni hii: rangi ya kuandamana na nguo ya maua haitafutwi dukani. Imo ndani ya nguo yenyewe, na kazi yetu ni kuisoma.

Bibi zetu walikuwa hodari wa kusoma nguo, na chuo chao kilikuwa leso. Neno hilo lilitokana na Kireno, ambamo lina maana ya kitambaa cha mkono. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya namna hiyo, wakaviunganisha kwa sindano hata vikawa nguo moja ya kujifunga. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuichapisha nguo hiyo ikiwa nzima. Leso tuijuayo leo ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yake. Itandaze leso yoyote sakafuni uihesabu rangi zake. Mara nyingi utapata mbili, tatu, pengine nne au tano, wala si zaidi. Rangi iliyo kwenye pindo aghalabu utaikuta tena ndani ya mji, japo kwa kiasi kidogo. Ndiyo maana pindo na mji havigombani hata kama michoro yake ni tofauti kabisa. Tazama kisutu, leso ya harusi: nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi. Rangi tatu tu, na hadi leo bibi harusi hupendeza nayo.

Kanuni hiyo ya leso ndiyo tutakayoitumia kwa dera. Nguo ya maua ina rangi ya uwanja, yaani ile iliyotanda chini ya maua. Ina rangi kubwa ya maua, ile inayoonekana mwanzo. Kisha ina rangi ndogo ndogo: za majani, za vikonyo, za mistari. Walio wengi hukimbilia rangi inayopiga kelele zaidi, wakanunua mtandio wa rangi hiyohiyo, na hapo nguo na mtandio vikaanza kushindana. Rangi iliyo salama kwanza ni ya uwanja, maana huendeleza nguo hadi kichwani na kuyaacha maua yaseme peke yake. Iliyo nzuri zaidi, mara nyingi, ni mojawapo ya zile ndogo. Rangi ya jani ambalo hakuna aliyelitazama, ikishapanda kichwani, hulifanya jicho lishuke kulitafuta jani lile ndani ya nguo, na nguo nzima ikaonekana kuwa imepangwa.

Rangi nayo huathiriwa na jirani yake. Katika karne ya 19 kiwanda cha Gobelins cha mjini Paris, kinachofuma mapambo ya ukutani, kilikuwa kikipata malalamiko kwamba nyuzi zake nyeusi zimefifia. Mwanakemia aliyesimamia utiaji rangi hapo, Michel Eugène Chevreul, alizichunguza nyuzi hizo akaona hazina kasoro. Kilichozifanya zionekane zimefifia ni rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alitoa kitabu kizima kuhusu jambo hilo. Nasi twaliona kila siku: mtandio wa rangi ya maziwa, uliokuwa safi dukani, ukiuweka juu ya dera lenye maua meupe pe utauona kama uliolala na vumbi. Haukuchafuka, ule weupe wa maua ndio unaouumbua. Kwa hiyo mahali penye weupe halisi, usilete rangi ya maziwa. Ama lete nyeupe halisi, ama lete rangi nyingine kabisa.

Ukubwa wa maua pia una hukumu yake. Madoa madogo hayaonekani kwa mbali. Huchanganyika yakawa rangi moja. Madoa mekundu juu ya nyeupe, ukienda hatua kumi, huwa waridi. Basi nguo ya madoa madogo itundike ukutani, urudi nyuma, ufinye macho kama mtu anayetazama jua. Rangi utakayoiona hapo ndiyo watakayoiona watu, na ndiyo ya kuifanyia hesabu. Maua makubwa hayachanganyiki hivyo, kwa hiyo zitazame rangi zake moja moja. Ama kuvaa maua juu ya maua, kunawezekana iwapo mambo mawili yametimia: mchoro mmoja uwe mkubwa na wa pili uwe mdogo sana, na zote mbili ziwe na rangi moja ya pamoja. Likikosekana mojawapo, heri mtandio mtupu usio na mchoro.

Sasa tuje kwenye nguo za mama yetu wa Kware kama alivyozieleza. Dera la kwanza lina uwanja wa buluu iliyokoza, maua makubwa meupe na majani machache ya manjano. La pili ni la rangi ya chungwa, lenye majani ya kijani kilichokoza na mistari ya rangi ya maziwa. Gauni la binti mkubwa ni la rangi ya damu ya mzee, lenye madoa madogo ya rangi ya maziwa. La mdogo ni la waridi, lina maua ya kijani na ya buluu.

Mitandio mitatu yatosha, yote mitupu: mmoja wa buluu iliyokoza, mmoja wa kijani kilichokoza, mmoja wa rangi ya maziwa. Ule wa buluu ni uwanja wa dera la kwanza, na ni ua la gauni la binti mdogo. Wa kijani ni jani la dera la pili, tena ni ua la gauni lilelile la mdogo. Wa maziwa ni mstari wa dera la pili na ni doa la gauni la binti mkubwa. Siku ya Idi mama akivaa dera la buluu na mtandio wa buluu, mdogo atachukua wa kijani na mkubwa wa maziwa. Akipenda la chungwa, yeye atachukua wa kijani na mdogo atachukua wa buluu. Watu watatu, nguo nne, mitandio mitatu, wala hapana aliyeazima cha mwenzake. Huenda hata huo wa tatu asiununue, maana nyumba ya Mswahili haikosi mtandio wa rangi ya maziwa chini ya sanduku. Afungue sanduku kabla ya kufungua kibeti.

Viatu na mkoba navyo havihitaji kulingana na kila nguo. Viatu vyeusi au vya kahawia vinaandamana na nguo hizo zote. Nani atakayeviona chini ya upindo wa dera?

Akienda Eastleigh kununua, au akipitia Gikomba kwenye mitumba, asiitegemee kumbukumbu ya jicho. Jicho husahau rangi upesi. Fundi aliyeshona gauni huwa na vipande vilivyobaki, na kama havipo, ndani ya upindo wa nguo mna kitambaa cha ziada cha kukata kipande cha upana wa kidole. Abebe vipande hivyo katika kibeti. Akishachagua mtandio, asiuamini mwanga wa taa za dukani, kwa kuwa taa hubadilisha rangi: buluu iliyokoza huonekana nyeusi, na kijani hugeuka kahawia. Amwombe muuzaji kwa adabu, atoke nao mlangoni, autazame kwenye mwanga wa jua pamoja na kipande chake. Na huko Kware, ambako maghorofa yamesongamana hata jua haliingii vyumbani, nguo ipelekwe juu ya paa zinakoanikwa nguo. Hapo ndipo pa kuamulia.

Rangi zilizokoza hutoa maji yake. Kabla ya kuufua mtandio mpya wa buluu pamoja na nguo nyingine, loweka ncha yake, kisha uibane kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikipata rangi, mtandio huo ufuliwe peke yake, kwa maji baridi, uanikwe kivulini ukiwa umepinduliwa ndani nje. Mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi, nguo iliyochujiana na wenzake ni hasara mara mbili: umepoteza nguo na umepoteza maji.

Lipo pia la sitara. Mitandio ya shifoni ni mepesi na huonyesha kilicho chini yake. Mtandio wa maziwa juu ya kofia nyeusi ya ndani hauwi tena wa maziwa. Huwa wa kijivu, na hesabu yote ya rangi ikaharibika. Kofia ya ndani ikaribiane na rangi ya mtandio. Kwa swala, kitambaa kiwe kizito kiasi cha kutoonyesha nywele wala shingo.

Mtandio mtupu una faida nyingine ambayo si ya macho. Imepokewa kutoka kwa Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliswali akiwa na shuka yenye nakshi, na nakshi zile zikamvuta macho. Alipomaliza aliagiza shuka ile ipelekwe kwa Abu Jahm na aletewe ya Abu Jahm isiyo na nakshi. Hakuiharamisha shuka ya nakshi. Alitaka swala yake itulie. Anayeswali katika safu ya Idi huwa na mwenzake mbele yake. Kichwa kilichofunikwa kwa rangi moja tulivu ni sadaka kwa jicho la aliye nyuma.

Binti wa miaka 14 naye asikemewe. Kutaka kupendeza siku ya Idi si dhambi. Katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ametuamuru tuchukue pambo letu kila tuendapo kuswali, na katika aya hiyohiyo akatukataza israfu. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja ili tusichukue moja tukaacha la pili. Mama amkalishe mwanawe, watandaze nguo zote nne kitandani, na binti mwenyewe ndiye atafute rangi zilizojificha ndani ya maua. Atakayeupata mtandio wake kwa jicho lake mwenyewe hataona haya kuuvaa, na wenzake wakimwuliza aliununua wapi, atakuwa na la kuwafundisha. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Unyemi wa mtandio wa deni huisha jioni ya Idi. Kidonda chake kitaonekana shule zitakapofunguliwa.

Mwenye nguo iliyomshinda kuipatia mwenziwe na atuandikie, ataje rangi ya uwanja, ya maua na ya majani, nasi tutaisoma pamoja. Juma lijalo, inshaallah, tutazungumzia jinsi ya kuondoa madoa ya hina na piko katika nguo za sherehe.

Wabillahi tawfiq.