Bendera Siyo Hoja, Hoja ni Bangili

Jamani, watu waligombania ganda, tunda likapita. Ilipotoka filamu ya First Man mwaka 2018, inayosimulia maisha ya mwanaanga Neil Armstrong, wanasiasa wa Marekani waliwaka: eti kwa nini mwongozaji Damien Chazelle hakuonyesha bendera ikisimikwa mwezini? Na bendera yenyewe imo, inaonekana imesimama! Kelele tupu. Uongo wenyewe ukapita kimya kimya, na sisi tukaupigia makofi huku tunafuta machozi.

Uongo gani? Sikilizeni. Armstrong na mkewe Janet walifiwa na binti yao Karen mwaka 1962, baada ya kuugua uvimbe wa ubongo. Hajatimiza hata miaka 3. Hiyo ni kweli. Kweli pia kwamba Julai 1969, matembezi ya mwezini yakielekea ukingoni, Armstrong alikwenda peke yake kwenye shimo kubwa, mita 60 hivi kutoka chomboni, akapiga picha. Ratiba haikumtuma huko. Basi kwenye filamu, pale shimoni, anadondosha bangili ya marehemu mwanawe.

Ushahidi? Hakuna.

Mtaniambia: "Acha zako, hiyo ni sanaa." Sawa, bwana. Lakini sanaa hiyohiyo ilituheshimu mahali pengine. Ule moto wa tarehe 27 Januari 1967, uliowaua Grissom, White na Chaffee wakiwa kwenye mazoezi, Chazelle hakutuonyesha maiti. Tuliona mlango, tukasikia mshindo, basi. Alituamini kwamba tuna mioyo. Sasa kwa nini alipofika mwezini akatuona watoto wa kulishwa kijiko?

Nitawaambia: aliogopa kimya. Armstrong hakuwa mtu wa kutangaza msiba wake. Mtu wa namna hiyo humtia mwandishi kiwewe, kwa hiyo anambandika chozi ili mambo yakae sawa. Mwenyewe alifariki mwaka 2012. Nani atakanusha?

Na ugonjwa huu ni wetu pia, vijana wenzangu. Tunaandika habari za babu aliyefiwa akanyamaza, akachukua jembe lake akaenda shamba. Tunaona haitoshi! Tunampigisha magoti kaburini, mvua inanyesha, radi zinapiga. Halafu tunajiita waandishi.

Kama unatunga mtu wako, mlize utakavyo, ni wako. Lakini ukishaweka jina la mtu aliyeishi, jina hilo ni amana. Usimvalishe huzuni uliyoishona wewe.

Tena filamu ingepungukiwa nini? Mtu yuko shimoni, peke yake, mikono mitupu. Sisi tunaomjua Karen tungejaza wenyewe. Wallahi, tungelia zaidi.